Milioni Mbili za Musoma

Mpendwa Kogo Chelangat,

Wewe ni kogo, yaani nyanya wa wote, kwa hivyo naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba usicheke, kwa sababu mimi mwenyewe nimecheka mpaka mbavu zinauma, na nikimaliza kucheka nalia, na nikimaliza kulia namkumbuka yule mtu anavyosema "naomba" naanza kucheka tena, kwa hivyo sijui kama huu ni ugonjwa ama ni mapenzi. Jina langu tafadhali usiliandike gazetini. Haya mambo ni ya siri kabisa.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, nauza viazi hapa soko la Londiani. Sisi ni Wakisii lakini mimi nimezaliwa huku huku, tata alikuja Kericho kuchuma majani chai akiwa kijana, akastaafu, akanunua kashamba hapa Londiani na akafungua duka, lile lenye baiskeli nzee imening'inia kwa dari. Tata ndio baba yangu, kwetu tunaita hivyo. Sasa shida yangu ilianza na vitunguu.

Kila Jumatano huwa kunakuja kenta ya vitunguu kutoka Tanzania, inashusha hapa sokoni halafu inabeba viazi kurudi navyo, na mwenye kenta nitamwita Magesa, kwa sababu ndilo jina lake na nikijaribu kumpa lingine mdomo unakataa. Kogo, wewe unajua vile watu wa huku tunaongea. Mtu akitaka kiazi anasimama hapo mbele yako anasema "weka hiyo," akitaka kupunguziwa anasema "wacha wizi." Siku ya kwanza Magesa alisimama mbele ya viazi vyangu akaniambia, "Samahani dada, naomba unipunguzie kidogo, kama hutojali." Kama hutojali! Hakuna mtu amewahi kuuliza kama nitajali tangu nizaliwe. Nikapunguza, halafu nikaongeza viazi juu ya gunia mpaka likavaa kilemba, akacheka akasema kwao hiyo inaitwa lumbesa, na mimi tangu siku hiyo nimekuwa nikisema "lumbesa, lumbesa" nikioga. Rafiki yangu Nelvine wa kibanda cha pili, Mkipsigis mwenzako, aliniangalia akaniambia, "Wewe dada, hujapendwa, umerogwa na sarufi."

Basi tukapendana mwaka mzima na kidogo, Jumatano kwa Jumatano, akaja nyumbani kujijulisha. Hapo ndio nilianza kuharibu, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi mpaka Kiswahili kikanitoroka, nikamshika mkono mama yangu nikasema, "Magesa, huyu ni baba." Na kwetu Kisii mama ndiye tunamwita baba, hata haikuwa makosa, ni kilugha tu kiliponyoka. Lakini Magesa ni mtu wa Musoma. Alimwangalia mama na leso yake na mwiko wake wa ugali, akainama kwa heshima zote akasema, "Shikamoo, baba." Tulicheka wiki nzima. Mama mpaka leo akimpigia simu anasema, "Huyu ni baba yako mwenye sketi."

Sasa Kogo nifike kwa jambo lenyewe. Mwezi uliopita Magesa alikuja na baba yake mdogo kuzungumza habari ya mahari. Wazee wetu wamekaa sebuleni, tata ameketi katikati kama jaji, mimi na mama na Nelvine tuko jikoni tumebandika masikio kwa mlango, na shangazi Nyamwange naye kakaa karibu na dirisha ati anachambua mboga. Baba mdogo akasimama. Kogo, wanavyoongea hao watu! "Wazee wetu, shikamooni. Sisi ni watu wadogo, hatuna makuu. Kwa heshima na taadhima, tumejikongoja, tumejikongoja, tumefikisha milioni mbili. Tunaomba mtupokee hivyo hivyo."

Nikasikia kikombe kimeanguka.

Tata akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia, "Umesema ngapi?"

"Milioni mbili, mzee wangu. Kama ni ndogo, tutasogeza."

"Hapana, hapana!" tata akasema. "Usisogeze kitu. Hiyo inaweza kaa." Halafu kwa vile alikuwa ameshaingia moto, akajikaza, akasema mama wa msichana lazima pia apate blanketi, na hiyo ya blanketi ni elfu hamsini. Nikajua hapo watakataa. Baba mdogo akacheka kicheko kirefu, akasema, "Mzee wangu, elfu hamsini? Hiyo si hela ya kumtajia mama mzazi. Mama tutampa, na mashangazi wote, kila mmoja hamsini yake, tena kwa furaha." Na mashangazi kwetu tuko nao kama mahindi! Shangazi Nyamwange alipiga kigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakaitika, halafu akaninong'oneza, "Hawa watu wanachimba dhahabu?"

Kogo, mimi nilijua papo hapo. Hiyo hesabu naijua kama sala, kila Jumatano naifanya, shilingi yetu moja ni yao kama ishirini, milioni mbili yao ni laki moja ya kwetu, na elfu hamsini yao ni bei ya blanketi moja nzuri. Baba mdogo aliongea pesa ya kwao, tata akasikia ya kwetu. Tata akajibu kwa ya kwetu, baba mdogo akasikia ya kwao. Kila mtu akafurahi mpaka akalia. Wakakumbatiana! Baba mdogo amerudi Musoma anasifu kwamba Wakenya ni watu wapole hawana tamaa, na tata anasifu kwamba Watanzania ni matajiri wasio na maringo. Nami badala ya kufungua mlango niseme, nilishikwa na kicheko, Kogo, kicheko kile cha kanisani ambacho ukikizuia kinatokea puani, nikakimbilia zizini nikamkumbatia ng'ombe shingo nikacheka hapo mpaka nikapiga magoti.

Kufika jioni nikasema wacha niwaache walale na furaha, kesho nitasema. Kesho ikawa Sabato, na kabla sijafungua mdomo tata amesimama kanisani wakati wa shukrani, amewaambia waumini binti yake ni wa milioni mbili. Kanisa likasema amina. Tangu hiyo siku mimi jina langu limepotea, sokoni naitwa Milioni, hata askari wa kaunti anayekusanya ushuru amenisalimia "habari Milioni." Tata amepimwa suti. Amealika watu mpaka Kipkelion. Mzee Kipkurui jirani yetu, ambaye binti yake aliolewa kwa ng'ombe wazuri sana, alikuja dukani kununua chumvi, tata akamwambia, "Ng'ombe ni sawa, Kipkurui, lakini ng'ombe anakufa." Wameacha kusalimiana!

Nilijaribu, Kogo, naapa. Nilimwambia, "Tata, shilingi ya Tanzania si kama ya kwetu." Akaniangalia kwa huruma. Kisha akaangalia juu, nikajua nimekwisha, kwa sababu tata akiangalia juu anaangalia ile baiskeli, na akiangalia baiskeli lazima uisikie hadithi yote.

"Nani amekudanganya?" akasema. "Mwaka wa sabini na nne nilienda Musoma na kwaya ya kanisa. Nikanunua hiyo baiskeli. Nilikuwa na pesa ya Kenya, nikauliza mwenye duka, tunafanya namna gani, akaniambia, kijana, shilingi ni shilingi, moja kwa moja. Nikailipa, nikaiendesha. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Sikuwa nimezaliwa, tata."

"Basi!"

Na hiyo baiskeli Kogo haiendi popote, ilikatika cheni zamani, na tata anakataa cheni ya hapa, anasema itakayoingia ni ya Musoma peke yake.

Sasa ningekuwa bado nacheka tu, lakini nilimpigia Magesa simu nikamwambia. Nilidhani tutacheka pamoja. Alicheka, nikasikia hata amekaa chini. Halafu akasema na ile sauti yake, "Usimwambie mzee. Ameshasimama kanisani. Mwanamume akitamka ametamka, naomba uniachie mimi." Kogo, anataka kuuza kenta! Milioni mbili ya kwetu ni kama arobaini ya kwao, na kitu pekee alichonacho kinachokaribia hapo ni hiyo kenta, amepata mnunuzi, anakuja kuiona Jumatano hii. Ile kenta ndio kazi yake, ndio vitunguu, ndio viazi, ndio Jumatano yangu. Akiiuza ndio anioe, atanioa halafu tukule sarufi?

Nelvine anasema nipande kenta kabla haijauzwa tuende tuishi tu, mahari tutaleta tukizeeka. Mahari inapokelewa Jumapili hii. Nikimwambia tata, nitamvunja mbele ya kanisa na mbele ya Kipkurui, na yeye ni mtu mzuri, hajawahi kuwa na kitu cha kujivunia isipokuwa baiskeli isiyo na cheni. Nikinyamaza, Magesa anabaki bila kenta. Nikifikiria hivyo nalia, halafu nakumbuka "shikamoo baba" nacheka tena. Nifanye nini? Jibu haraka, na jina langu ulifiche vizuri.

Milioni Mbili,
Londiani


KOGO CHELANGAT ANAJIBU

Wewe mtoto! Nimecheka mpaka maziwa yangu ya mursik yamenimwagikia kwa sweta, na hiyo sweta ilikuwa ya kanisa. Umenikataza nisicheke halafu ukaniandikia habari ya kukumbatia ng'ombe. Unataka nife?

Umeniomba nifiche jina lako. Nimelificha. Lakini umemtaja Magesa, umemtaja Nelvine, ukamtaja Kipkurui na chumvi yake, ukataja shangazi, ukataja viazi, halafu ukamalizia na duka la Londiani lenye baiskeli inayoning'inia darini. Maduka ya namna hiyo Londiani ni mangapi, mama? Mhariri alitaka kuyafuta yote. Nikamwambia ayaache. Ndiyo maana Jumatatu, barua yako iliponifikia, sikungoja gazeti, nilikupigia kwa namba uliyoandika kwenye bahasha nikakwambia mambo mawili: kwanza, mwambie Magesa hiyo kenta isiguswe na mnunuzi arudi alikotoka, pili, gazeti hili linafika Londiani Ijumaa asubuhi na baba yako anaona maandishi vizuri tu, kwa hivyo una mpaka Alhamisi kumwambia kwa mdomo wako. Ulilia, ukacheka, ukasema "ndiyo Kogo" kwa sauti ya mtu asiyesikia chochote. Basi nayarudia hapa kwa maandishi, pamoja na maelezo yote niliyokupa kwenye simu hiyo.

Nianze kwa kukugombeza, kwa sababu nimefundisha hesabu kule Sigor mpaka nikastaafu, na mtoto anayejua jibu halafu hanyooshi mkono alikuwa ananikasirisha kuliko yule asiyejua. Wewe ulijua. Wazee wote wamekaa pale, na mtu mmoja tu katika nyumba hiyo anayeshika pesa za nchi mbili kila wiki ni wewe, umesimama nyuma ya mlango unaziba pua. Ungeingia wakati ule ule ukasema, "Wazee, hizo ni za Tanzania," wangecheka wote, wakanywa chai, ikaisha. Sasa ile laki moja ya kawaida, mahari ya heshima kabisa, imegeuka aibu kwa sababu imekuja nyuma ya milioni mbili za hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe sasa unajenga ukuta huku kanisa zima linakuletea mawe.

Na huyo Magesa wako! Mwambie nampenda, na mwambie ni mjinga. Mwanamume akitamka ametamka, ndiyo, lakini alitamka nini? Walitamka milioni mbili za kwao, na milioni mbili za kwao wanazo. Hakuna aliyedanganya pale. Atauza vipi kenta kulipia neno ambalo hakulisema? Heshima ni nzuri, lakini mkwe asiye na kazi atakuja kuomba unga dukani kwa huyo huyo mzee, tena kwa Kiswahili kizuri.

Sasa tuje kwa baba yako. Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo utakapopona. Baba yako si mjinga. Baba yako alikuwa sahihi! Zamani sisi, Waganda na Watanzania tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka wa sitini na sita kila nchi ikaanza kutoa noti zake, zenye sura zake, lakini thamani ikabaki sawa, wakawa kama mapacha walioshonewa nguo tofauti. Kijana wa kwaya aliyefika Musoma mwaka wa sabini na nne akaambiwa shilingi ni shilingi, aliambiwa ukweli mtupu. Kisha sabini na saba Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, na ulipofunguliwa tena baba yako alikuwa na watoto na majani chai ya kuchuma, hakurudi kuangalia. Pacha wa kule akapata shida zake. Kufika mwanzo wa miaka ya tisini ilikuwa shilingi yetu moja kwa nane au tisa za kwao. Mwaka uliozaliwa wewe ilikuwa karibu kumi na moja. Miaka kumi na kitu baadaye ikawa kumi na nane, na sasa inachezacheza hapo kwenye ishirini. Yote hayo yametokea baba yako akiangalia baiskeli.

Na mtu asije akajivuna kwamba ya kwetu ni ngumu. Siku baba yako alipolipia baiskeli hiyo, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti. Leo ni karibu mia moja na thelathini, na kuna siku imepita mia na sitini tukashika vichwa. Waulize wakulima wa chai huko Bomet wanaongoja bonasi ya majani yanayouzwa kwa dola, watakuambia. Pacha wa huku kwetu naye ameteleza, ila ameteleza polepole akiwa amevaa viatu.

Utamwambiaje? Usiende na simu yenye kikokotoo. Mzee hashindwi na kikokotoo, anakasirishwa nacho. Nenda jioni wateja wakipungua, na uende na baba yako, yaani mama yako, Mungu wangu, nyinyi Wakisii mtaniua. Simama chini ya baiskeli. Anza na maneno haya, usiyabadilishe: "Tata, ulikuwa sawa." Halafu nyamaza. Mwache aisimulie hadithi yote, hata ile sehemu ya mvua ambayo najua ipo. Akimaliza, muulize baiskeli ilikuwa bei gani. Atakuambia, hiyo bei haisahau. Kisha muulize, "Na leo kwa pesa hiyo, hapa dukani, unaniuzia nini?" Hataweza kukuuzia hata mkate. Atacheka au atanuna. Akicheka, mwambie, "Basi na kule Musoma shilingi haikukaa ikikungoja."

Akinuna, mama yako amkumbushe siku aliyoamkiwa "shikamoo baba." Neno hilo moja, "baba," ukilitoa Kisii ukalipeleka Musoma linaota ndevu! Na nyumba nzima mlicheka, hakuna aliyeona ni aibu. Sasa "shilingi" nalo ni neno. Likivuka mpaka pale Isebania linabadilisha nguo. Mzee alisikia neno la kwao kwa sikio la kwetu, na yule baba mdogo akasikia la kwetu kwa sikio la kwao. Mmetoka sare. Hapo ndipo umwambie kuhusu kenta, kwamba kijana alikuwa tayari kuuza kazi yake ili mzee asiaibike. Uniambie ni baba gani atasikia hilo akabaki amenuna.

Siku yenyewe, Jumapili, baba mdogo asibadilishe hela pale mpakani. Nimesema asibadilishe! Alete milioni mbili zake katika noti zake za Tanzania za elfu moja moja, kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa, na kikapu hicho kitakuwa kizito. Msemaji aseme, "Milioni mbili," kwa sababu ni milioni mbili. Akitokea mjuaji akauliza shilingi za nani, mzee mwenyewe ajibu kwa sauti kubwa, "Za Tanzania! Mkwe wangu ni wa wapi?" Aliyejisema hachekwi na mtu. Kisha hapo hapo, mbele ya watu, amwite Mzee Kipkurui ainue kikapu aone uzito, amwambie kwamba ng'ombe ni wazuri na alikosea kusema vile, na wasalimiane. Laki moja na jirani ni bora kuliko milioni mbili bila mtu wa kukuazima jembe.

Habari ya blanketi msijadili pesa tena, mtatuua. Wanunue mablanketi. Blanketi ni blanketi pande zote mbili. Mama yako apewe lake, na kila shangazi lake, na Nyamwange apewe jekundu kwa ajili ya kile kigelegele.

Wewe nawe usipande kenta kwenda kuishi. Nelvine ni mtoto wetu lakini hapo amekosea, na nitamwambia mama yake. Upande kenta ukiwa umeolewa, umekaa mbele, mlango umefungwa vizuri, na uendelee kuuza viazi. Ukianza kununa kwa sababu mume amesahau kusema "naomba," uniandikie tena, nitawagombeza wote.

Na sasa mnisamehe, nina neno na mtu mwingine. Mzee wangu wa Londiani, wewe mwenye duka, najua unasoma hapa kwa sababu huu ndio ukurasa unaouanzia, wake zenu wametuambia. Kama binti yako amekwisha kukwambia, hongera, umezaa mtu jasiri. Kama hajakwambia, geuka polepole umtazame, yuko hapo nyuma ya gunia la viazi anazuia kicheko. Usimgombeze. Mwache akwambie yote, tangu ng'ombe mpaka kenta.

Halafu nikuombe kitu, mzee, kama hutojali. Zile noti za kikapuni usiharakishe kuzibadilisha. Weka chache mfukoni mwa suti mpya, harusi ikipita upande kenta ya mkwe wako ukae kando ya dirisha, urudi Musoma. Huko, mzee, baba mkwe wa kijana huyu ni milionea. Ingia dukani ukiwa umenyooka, usiulize bei mara mbili, nunua cheni ya baiskeli, ulipe na uchukue chenji yako. Kisha uiteremshe hiyo baiskeli darini, uifunge cheni, na mara ya kwanza utakapoiendesha pale Londiani, mbebe Kipkurui nyuma.